Leza ya makovu ya chunusi kwenye ngozi yetu nyeusi: kinachokusubiri kabla, siku yenyewe na baada (uzi mrefu)

MstaafuMtarajiwa ameandika:

Habarini wakuu.

Humu jukwaani swali la "leza inaondoa mashimo ya chunusi?" halikauki, na kila likiulizwa wanajitokeza wawili: mmoja anasema ni miujiza, mwingine anasema dada yake aliunguzwa uso. Wote wawili huenda wanasema kweli. Mimi ni muuguzi. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha tiba za ngozi, nikimfunika mgonjwa macho na kumpa daktari vifaa, halafu mimi ndiye ninayepigiwa simu saa nne usiku uso ukishavimba. Naandika kutoka upande huo. Siuzi huduma, na PM za "nielekeze kliniki" sitazijibu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubishana aanze: kwa ngozi yetu, aina ya mashine ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Kubwa ni mkono ulioiseti, na wewe umeutendea nini uso wako miezi kadhaa kabla na miezi kadhaa baada.

Leza inafanya nini hasa

Wengi wanadhani ni taa inayofuta makovu. Hapana. Leza hizi zinalenga maji. Seli za ngozi zimejaa maji, kwa hiyo mwali wa leza ya kaboni dioksidi (wimbi la nanomita 10,600) au ya Er:YAG (nanomita 2,940) ukigusa ngozi, maji yale huchemka papo hapo na tabaka la juu hugeuka mvuke. Joto linaloshuka chini huishtua ngozi ya ndani ianze kutengeneza kolajeni mpya (nyuzi zinazoishikilia ngozi), na kolajeni hiyo ndiyo inayonyanyua shimo polepole. Maana yake umelipia jeraha la makusudi, na kinachokuletea faida ni namna mwili utakavyoliponya.

Miaka ya 1990 ilikuwa kazi nzito. Uso mzima ulitolewa tabaka la juu, mtu anakaa wiki mbili na kidonda, kisha wekundu wa miezi. Mashimo yalipungua sana, lakini baadhi ya watu, hasa wenye ngozi nyeusi, walibaki na mabaka meupe yaliyojitokeza miezi sita au zaidi baadaye, mengine yasiyoondoka tena. Ndiyo maana madaktari wengi walikuwa wakiiona ngozi nyeusi wanasema hapana, rudi nyumbani.

Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Manstein na Anderson na wenzao, walichapisha njia ya kuugawa mwali. Badala ya kuondoa tabaka zima, leza inatoboa maelfu ya vishimo vidogo mno, na kati ya kishimo na kishimo inaacha ngozi nzima. Ile ngozi nzima ndiyo inayoziba vishimo ndani ya siku chache. Leza hizi za kugawa mwali ndizo zilizotufungulia mlango sisi. Ziko za makundi mawili: zinazotoboa kweli (kaboni dioksidi na Er:YAG), na zisizotoboa, kama ile ya nanomita 1,550, ambazo zinapasha moto chini huku ngozi ya juu ikibaki imefunga. Za pili ni laini zaidi, ila utarudi mara tatu hadi sita, kila baada ya mwezi au zaidi.

Madoa meusi: hapa ndipo penye kazi

Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani alipanga ngozi kwa jinsi zinavyoungua juani. Kipimo chake kilianza na ngozi za Wazungu. Sisi tuliongezwa baadaye, tukawekwa daraja la tano na la sita. Daktari akikuangalia akasema "wewe ni wa tano", anazungumzia hicho.

Sasa mtu atauliza: kama leza inalenga maji na si rangi, weusi wangu unaingiaje? Unaingia kwa sababu seli zinazotengeneza rangi haziulizi nani kakuumiza. Chunusi, mbu, pasi, wembe, kwao yote ni uchochezi, na jibu lao ni kumwaga melanini. Kila mtu humu anajua chunusi inaondoka kwa wiki moja na doa lake linakaa miezi. Leza ni maelfu ya majeraha kwa mkupuo mmoja, basi piga hesabu.

Madoa haya hayaji siku ya pili. Huja wakati umeshaanza kushangilia, mara nyingi wiki ya tatu au ya nne. Mengi huisha, lakini kwa miezi. Daktari anayeijua ngozi yetu hupunguza msongamano wa vishimo, maana msongamano ndio unaoleta madoa kuliko nguvu ya mwali wenyewe, kisha anaachanisha miadi. Mgonjwa anayesema "dokta niwekee kali nimalize leo" huwa namtazama tu. Na daktari anayekubali, mtazame wewe.

Mkorogo

Hiki kipande nakiandika taratibu kwa sababu ndicho kinachoharibu nyuso nyingi kuliko mashine mbovu.

Mtu anakuja na mashimo ya chunusi, anaulizwa anapaka nini, anasema "losheni tu ya kawaida". Akibanwa, inatoka kwenye mkoba: chupa isiyo na lebo aliyochanganyiwa dukani. Ndani mna steroidi kali, haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), wakati mwingine zebaki. Vipodozi vya aina hii vimepigwa marufuku Tanzania na nchi kadhaa za jirani, lakini kila mmoja wetu anajua vinakopatikana.

Steroidi inaikondesha ngozi hadi mishipa inaonekana. Ngozi ya namna hiyo ukiipiga leza, vipimo vyote vilivyosetiwa kwa ngozi ya kawaida vinakuwa vikali mno, na kupona kunachelewa. Haidrokwinoni ya muda mrefu nayo ina lake: mashavu na viungo vya vidole vinageuka weusi wenye rangi ya bluu, ile tunayoita sugu. Sugu si doa la kawaida na leza ya kutoboa si dawa yake. Anayekutangazia "leza ya sugu, siku moja kwisha" anakutafutia sugu ya pili.

Ukitaka leza, mweleze daktari ukweli wote, mwonyeshe na chupa. Mkorogo unaachwa kwa usimamizi, kwa sababu ukiacha ghafla uso huwaka, hutoa vipele na huwasha, na wengi hurudi kwenye chupa ndani ya wiki. Ngozi ipewe miezi itulie. Leza haina haraka.

Mengine ya kusema kabla hujaulizwa

Kama huwa unatokwa na vile vidonda vya homa mdomoni, sema, maana joto la leza linaviamsha na vikisambaa kwenye uso uliotobolewa ni balaa. Utaanzishiwa vidonge vya acyclovir au jamii yake kabla. Kama una keloidi (kovu linalovimba na kukua) sikioni, kifuani au begani, sema. Kama ulimeza isotretinoini ya chunusi karibuni, sema. Kwa leza kali wengi husubiri miezi sita. Krimu za tretinoini huachwa siku kadhaa kabla. Mjamzito asubiri. Mwenye chunusi zinazotoka bado, atibu chunusi kwanza, la sivyo unaziba mashimo huku mengine yanachimbwa.

Na omba kipande cha majaribio, nyuma ya sikio au chini ya taya, kisha usubiri wiki nne hadi nane uone ngozi yako inajibu nini. Kliniki itakayokucheka kwa ombi hilo, ondoka.

Siku yenyewe

Unapakwa krimu ya ganzi, unakaa nayo kama saa moja. Inafutwa yote. Unavishwa kinga ya macho, na kila mtu chumbani anavaa miwani yake. Ukiona mpiga leza hana miwani, inuka. Utasikia mlio, vichomo vya moto vidogo vidogo, na harufu ya nywele zilizoungua ambayo hakuna anayekuonya kuihusu. Uso mzima mara nyingi hauzidi nusu saa. Maumivu? Yanavumilika, sehemu ya juu ya mdomo na karibu na masikio ndiyo mbaya zaidi. Kinachowashinda wengi ni joto la saa chache baada ya hapo, ganzi ikiisha.

Siku zinazofuata (leza ya kutoboa, ya kugawa mwali)

Siku ya kwanza uso unawaka na kutoa majimaji meupe. Siku ya pili na ya tatu unavimba, macho zaidi, na asubuhi ni mbaya kuliko jioni. Lalia mito miwili. Wekundu wa kwenye picha za mtandaoni usiutarajie: kwetu huonekana kama weusi wa zambarau, na ndugu zako watasema umeungua. Siku ya tatu hadi ya tano uso unakuwa na vidoa vya kahawia kama chenga za kahawa na unakwaruza ukigusa. Hiyo ni ngozi iliyokufa ikipanda juu. USIBANDUE. Mikono mbali. Wiki ikiisha nyingi zimeanguka zenyewe.

Kazi yako ni tatu tu. Osha taratibu kwa maji safi ya uvuguvugu. Paka mafuta mazito yasiyo na manukato, Vaseline ya kawaida inatosha kabisa, ili kidonda kisikauke. Kaa mbali na jua, na ngozi ikishafunga anza losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kila siku, hata kukiwa na mawingu. Kwa ngozi yetu zile zenye rangi ya kahawia, zilizo na oksidi ya chuma, ni bora kwa sababu zinakinga na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huamsha madoa. Na haziachi uso mweupe wa majivu.

Ukiona maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, usaha wa njano, homa, au kundi la vidonda vidogo vinavyouma, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri miadi.

Matokeo? Kolajeni inajengwa miezi mitatu hadi sita. Mashimo mapana yenye kingo hupungua vizuri. Yale membamba yaliyochimba chini kama ya sindano hayasogei sana kwa leza. Anayefanikiwa huona kama nusu ya makovu imepungua. Uso wa mtoto haurudi.

Karibuni maswali.

---

KijanaWaTandika: Nimeweka kigoda hapa. Uzi umeshiba. Ila mkuu umekwepa bei.

MstaafuMtarajiwa: Sijakwepa, nikiandika leo kesho imebadilika na mtanishika mashati. Ukiambiwa bei, uliza ni ya kikao kimoja au vyote, na kama ganzi, dawa na marudio vimo. Bima usiihesabie, kwao huu ni urembo.

BintiWaChumbageni: Shikamoo dada. Harusi yangu ni baada ya wiki tano, na nina mashimo mashavuni. Nifanye sasa nipone kabla ya kuanza kusingwa?

MstaafuMtarajiwa: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Usifanye. Wiki ya tano ndiyo hasa madoa yanaweza kuwa yamechanua. Bibi harusi ahesabu miezi sita nyuma, na mimi napenda zaidi. Na singo juu ya ngozi iliyotoka leza hapana: ile ni kusugua, ina viungo na manukato, ngozi mpya haiwezi. Liwa nayo iache kwanza. Kwa harusi hii tafuta mpambaji mzuri na mtibu chunusi zilizopo. Leza ije baada ya fungate, na kabla hujapata ujauzito.

Mja_wa_Buguruni: Assalaam alaykum. Mimi swali langu ni la udhu. Mara tano kwa siku maji usoni, na wewe umesema kidonda kisichezewe.

MstaafuMtarajiwa: Waalaykum salaam. Swali zuri na sijawahi kuliona kwenye karatasi za maelekezo. Kwa upande wa tiba: maji safi hayadhuru, kuosha ni sehemu ya matunzo. Saa 24 za mwanzo fuata alichokuelekeza daktari wako. Baada ya hapo mimina maji taratibu, usisugue, kausha kwa kugusa kwa kitambaa safi, kisha mafuta. Kinachonitia hofu ni tayamamu, maana vumbi kwenye ngozi iliyotobolewa sitaki hata kulifikiria. Hukumu yake muulize sheikh wako kabla ya siku ya leza, umweleze kwamba uso wote utakuwa jeraha. Na maji yawe safi kweli, si ya pipa lililokaa siku tatu.

Nyamizi_TBR: Mimi niliunguzwa. Sehemu siitaji. Niliambiwa ni leza, kile kifaa kilikuwa kinatoa mwanga mkali kama flashi na kioo cha mstatili kinabandikwa usoni na jeli. Nilitoka na mabaka ya mstatili mashavuni. Yule dada akasema "ni kawaida". Kawaida gani mtu anatoka na chapa?

MstaafuMtarajiwa: Pole sana mdogo wangu. Kwa maelezo hayo haikuwa leza, ni ile taa ya mwanga mkali, IPL. Inatoa mchanganyiko wa mawimbi ambayo rangi ya ngozi inayafyonza. Kwa Mzungu mwanga unapita juu na kufika kwenye doa. Kwetu melanini ya juu inaudaka wote na inaungua palepale. Ngozi ya daraja la tano na sita haipaswi kupigwa nayo. Mabaka ni meusi au meupe?

Nyamizi_TBR: Meusi. Miezi miwili sasa.

MstaafuMtarajiwa: Afadhali meusi kuliko meupe. Acha kusugua, acha limao, acha kila ulichoelekezwa na majirani. Jikinge na jua kwelikweli, na ukae mbali na joto la jiko la mkaa usoni ukiweza. Onana na daktari bingwa wa ngozi, kuna krimu za kusaidia zinazotolewa kwa vipimo na kwa muda maalumu. Usikubali "leza ya kurekebisha" mapema hii. Peleka picha za tangu mwanzo kama unazo.

Mzee_wa_Kaunta: Nyie watu Mungu kawaumba vizuri mnajitoboa. Sisi enzi zetu chunusi zilikuwa zinaisha zenyewe.

KijanaWaTandika: Mzee weka picha yako ya enzi hizo tuone mashimo.

Mzee_wa_Kaunta: Simu yangu haina kamera.

Mwanamvua_Likoni: Hamjambo huko bara. Huku Mombasa daktari amenishauri sindano ndogondogo badala ya leza, ananiambia ni salama zaidi kwa weusi wangu. Ananipunja au ni kweli?

MstaafuMtarajiwa: Sijambo dadangu. Hakupunji, huyo ni mtu mzuri. Sindano zinatoboa bila joto, na joto ndilo linalotuletea madoa mengi. Kwa mashimo ya wastani zinafanya kazi nzuri, ukirudia. Makovu ya mawimbi, yale yanayopotea ukivuta ngozi, yamefungwa chini na nyuzi. Nyuzi hizo hukatwa kwa sindano kwanza, ndipo mengine yafuate. Na yale membamba yenye kina huwekewa tone la asidi kali, ya TCA, ndani ya shimo lenyewe, na daktari tu, si ya kuagiza mtandaoni. Daktari mzuri huchanganya hizi zote kwa uso mmoja. Mwenye mashine moja tu atakwambia mashine hiyo inatibu kila kitu.

Fundi_Selemala: Nitamjuaje mwenye ujuzi sasa? Kila kona ya mji kuna bango la leza.

MstaafuMtarajiwa: Uliza jina lake kamili na uhakiki usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika, si siri na halimkasirishi aliye halali. Uliza nani atashika kifaa, yeye au msaidizi. Omba picha za wagonjwa weusi kama wewe, za mwezi wa kwanza na wa sita, maana picha ya wiki ya pili haina doa lolote. Uliza atafanya nini ukipata madoa. Akisema "hayatokei", kwaheri. Madaktari wa ngozi nchini si wengi, lakini wapo, na wengi wamepita Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda pale hospitali ya KCMC kilichoanza 1992, kulekule ilikoanzia Kilisun, losheni ya kukinga jua ya ndugu zetu wenye ualbino. Ukiwa mikoani anza na rufaa ya hospitali ya mkoa.

Fundi_Selemala: Asante. Na mimi tatizo si mashimo, ni vipele vya ndevu, kidevu chote kimekuwa cheusi. Leza hii itanifaa?

MstaafuMtarajiwa: Hapana kaka, hiyo ni leza nyingine kabisa. Yako ni ndevu zilizojikunja zikarudi ndani ya ngozi. Inayotumika ni Nd:YAG ya nanomita 1,064, inapita chini ya rangi ya juu na kuunguza mzizi wa nywele. Kati ya leza za nywele ndiyo salama zaidi kwa weusi wetu. Utarudi vikao kadhaa na ndevu zitapungua kweli, kwa hiyo kama unazipenda fikiria mara mbili. Kabla ya kutumia pesa jaribu kuacha wembe, tumia mashine ya kunyolea iache milimita moja, kwa mwezi mzima.

BintiWaChumbageni: Dada swali la mwisho, mama ana vile vidutu vyeusi vidogovidogo mashavuni, vimeongezeka na umri. Anataka leza na yeye.

MstaafuMtarajiwa: Vile ni vya kurithi na havina ubaya, wengi wetu tunavyo tukifika umri. Leza ya kusawazisha uso mzima si ya kazi hiyo. Daktari huviunguza kimoja kimoja kwa sindano ya umeme mdogo, au kuvikata, kwa nguvu ndogo ili pasibaki doa jeupe. Aanze na vichache upande wa nywele, apone, ndipo aendelee. Na aonwe kwanza. Kama kipo kimoja kinachokua haraka, kinachotoa damu au kilichobadilika rangi, hicho kipimwe kabla ya kuguswa. Msalimie mama.